Michongo ya Miambani Kilimanjaro: Kati ya Njia ya Misafara na Mafunzo ya Jando

Sehemu hii inahakiki namna michongo ya miambani katika Mlima Kilimanjaro ilivyofasiriwa. Hoja yake ni kwamba michongo hiyo ni sehemu ya fasihi simulizi ya Wachaga, na kuichukulia kama masalia ya kale tu ni kuipunguzia maana.

Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilivuka nyika kupitia Taveta hadi katika himaya za mamangi wa Kilimanjaro, ikifuata pembe za ndovu na watumwa. Kwa kuzingatia historia hiyo, mtazamaji anayeuelekea mlima kutoka tambarare za Mabogini anaweza kudhani kuwa alama za miambani ziliachwa na wapita njia. Ufasiri huo unampa mgeni umiliki wa kazi ya mwenyeji.

Makala ya H. A. Fosbrooke na P. I. Marealle, iliyochapishwa katika jarida la *Man* mwaka 1952, iliihusisha michongo na mafunzo ya jando. Nguvu yake inatokana na ushirikiano wenyewe: Marealle alikuwa mangi aliyekwisha kuandika kwa Kiswahili kitabu cha *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*. Hata hivyo, makala hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kama vile maelezo marefu ya Bruno Gutmann kuhusu mafunzo ya Wachaga yalivyochapishwa kwa Kijerumani kati ya 1932 na 1938. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili akabaki nje ya mjadala.

Pengo hilo linaonekana zaidi katika suala la mregho, fimbo yenye alama za kuchongwa ambayo mwalimu aliifuata alama kwa alama akiwafunda vijana. Alama za mregho hazikujitosheleza; zilikamilishwa na sauti ya mwalimu. Iwapo mwamba nao ulitumika katika mafunzo ya jando, basi kunakili mistari yake na kukisia umri wake ni kusoma nusu ya matini. Nusu ya pili ni utendaji.

Mwamba hudumu, lakini utendaji hufa na watendaji wake. Kwa hiyo, uhifadhi wa michongo hii hauna budi kuambatana na ukusanyaji wa simulizi za wazee. Bila simulizi hizo, kitakachohifadhiwa ni jiwe lenye mistari, si fasihi.