Ameshindwa, Tumeshinda

Ndugu wasomaji, na hasa nyie wenzangu mnaoshika kalamu usiku baada ya kazi za mchana, leo nataka tuzungumzie kitu kidogo sana. Siyo hata neno zima. Ni kile kiambishi tulichokariri darasani: "tu". Tumeshinda.

Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huo huo. Waliachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani hata kope haijafumba. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Huku kwetu ulikuwa usiku wa manane. Hapa Kamsamba tulikuwa tumelala fofofo, madirisha wazi kwa joto la bonde. Asubuhi kila simu inasema "Tumeshinda!" Na mimi niliandika hivyo hivyo, sitaki kudanganya.

Sasa rudini nyuma kidogo. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, Simbu huyu huyu alikuwa wa tano. Sijawahi kumsikia mtu kijiweni akisema "tulikuwa wa tano". Akipata, tumepata. Akikosa, amekosa. Hata ule msemo wetu wa zamani wa "kichwa cha mwendawazimu" tunautumia kwa Taifa Stars kana kwamba kichwa kile ni cha jirani.

Mtaniuliza, haya yanahusu nini fasihi? Yanahusu sana. Tangu dhahabu ile nimesoma madaftari kadhaa ya wenzangu, hadithi za wakimbiaji na wanasoka. Karibu zote zina mwisho mmoja: bendera inapanda, wimbo wa taifa unapigwa, mhusika analia. Maneno ni yale ya magazetini: ametutoa kimasomaso, ameipeperusha bendera. Ukitumia fani na maudhui kama tulivyofundishwa, maudhui utayapata bila taabu: uzalendo, kujituma, umoja. Ila mtu mwenyewe humwoni. Mhusika amekuwa mlingoti, kazi yake ni kubeba bendera tu.

Siwasemi wengine nikajiacha. Riwaya yangu, ninayohangaika nayo tangu nimalize kidato cha nne, inahusu kijana wa bonde hili la Rukwa anayekwenda kushinda Ulaya. Niliisoma sura ya mwisho mbele ya mjomba wangu, pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, umeme ulipokatika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mpwa, huyu kijana wako kakimbia kilomita zote hizo hajakohoa hata mara moja? Na viatu alinunuliwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kurasa tatu za bendera, lakini viatu sikuwa nimeviwaza kabisa.

Basi nikaanza kuwafikiria upya wakimbiaji wetu wa kweli. Mchukueni Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1500 toka mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa karibu, naye akawa chini ya rekodi ya zamani. Watu wakasubiri wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand haikufungiwa Olimpiki, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusa, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500.

Mimi nasema kususa kule kulikuwa haki, na ningekuwepo ningeunga mkono. Lakini tazameni viambishi vyake: tulisusa sisi, akakosa yeye. Fahari ile ya taifa ililipiwa na wanariadha. Bayi alikuja kupata fedha Moscow mwaka 1980, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5000. Mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024 inapita, hizo mbili ndizo medali zetu zote za Olimpiki. Hizo tunazitaja. Ila siku ya fainali ile ya Montreal mkimbiaji aliyebaki nyumbani anafanya nini? Anafungua redio au anaizima? Nani anathubutu kumpa pole wakati nchi nzima inajisifu kwa msimamo wake? Hapo ndipo riwaya ilipo, na sisi tunapita mbio kwenda kuandika bendera.

Halafu kuna John Stephen Akhwari. Marathoni ya Mexico City, mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa nzima nyuma. Akhwari aliingia uwanjani giza limeanza, watu wengi wameshaondoka, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aende kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Mwaona jambo lile? Saa ile hakukuwa na mtu wa kusema "tu" kwa niaba yake. Aliisema mwenyewe, akiwa wa mwisho, mguu unavuja damu. Sisi huisema tukiwa tumeamka, chai iko mezani, dhahabu imeshapatikana.

Sipingi fahari, jamani. Siku ile ya Tokyo nilitembea kifua mbele. Ninachosema ni kwamba Simbu angechelewa kwa sehemu zile tatu za mia, miguu yake ingekuwa ile ile, mazoezi yale yale, jasho lile lile. Kitu ambacho kingebadilika ni kiambishi chetu. Fahari inayobadilika kwa muda mdogo namna ile haiwezi kubeba kurasa mia mbili za riwaya. Hata kijiweni haifiki Jumapili.

Nimeifuta sura ile ya mwisho. Kijana wangu sasa anakuwa wa tisa. Anashuka basi Mlowo usiku, hana wa kumpokea, na bado anadaiwa pesa ya viatu. Sijui tutamalizaje. Nimeandika "tutamalizaje", siyo "atamalizaje", na sijaifuta.

Nanyi jaribuni. Kabla ya hadithi yenu ijayo chukueni karatasi, muandike "tumeshindwa" mkimzungumzia mtu aliyekimbia peke yake. Muone kama mkono utakubali.