Gogo Lililovikwa Mosi

Atazamaye picha za matangi ya kioo aliyoyapamba marehemu Takashi Amano wa Niigata, Japani, aghalabu huvutwa kwanza na samaki. Illa mwenye kuifuatia sanaa ile kwa makini huyakazia macho magogo, yaliyovikwa mosi ya kijani kibichi tangu shina hadi ncha, mtu akadhani kwamba yameokotwa vivyo hivyo katika kijito cha msituni. Hayakuokotwa hivyo. Vazi lile ni kazi ya uzi na mkasi, na kwa nadhari yangu mkasi ndio wenye fungu kubwa zaidi.

Mosi si mmea kama mchicha. Haina mizizi ya kunyonya chakula, bali vinyweleo vya kujishikiza tu, na majani yake, ambayo kwa kawaida yana unene wa seli moja, hupokea chumvi na hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka katika maji yanayoyazunguka. Basi kila jani hujitafutia riziki yake, na lile lisilofikiwa na nuru wala mkondo hufa mahali lilipo.

Kwa sababu hiyo afungaye fumba nene juu ya gogo, akitaraji kulivika siku ile ile, hujiharibia kazi tangu mwanzo. Mosi hukatwa vipande vya sentimita 1 au 2, ikatandazwa kwa wembamba hata rangi ya mti ikaonekana kati ya vipande, kisha ikazungushiwa uzi. Uzi wa pamba huoza baada ya majuma kadhaa, nao wafaa kwa mosi zenye kushika barabara, mathalan Vesicularia montagnei, ambayo matawi yake yana umbo la pembetatu; ama Taxiphyllum barbieri, iliyo mashuhuri kwa jina la mosi ya Java na yenye kustahamili karibu kila hali, hushika kwa ulegevu, na mimi huifunga kwa mshipi mwembamba wa nailoni.

Shida huja inapostawi. Tabaka la juu hulitilia kivuli la chini, la chini likageuka kahawia na kulegea, na vazi zima likabanduka kuelea juu ya maji, kama lilivyobanduka langu la kwanza, ambalo niliona uchungu kulikata kwa vile lilivyopendeza.

Siku ya kukata, pampu ya chujio huzimwa kwanza ili vipande visitawanyike. Mkasi wenye makali yaliyopinda hufuata umbo la gogo, ukibakiza kiasi cha nusu sentimita, huku mkono wa pili umeshika mpira unaofyonza maji pamoja na vipande na kuvimwaga katika ndoo iliyofunikwa kitambaa; maana kipande kimoja kikianguka kati ya majani mafupi ya mbele humea papo hapo, na kukiondoa baadaye ni taabu isiyo kifani. Kisha hutiwa maji mapya badala ya yaliyotoka. Gogo huonekana kipara kwa muda, lakini kila kikonyo kilichokatwa huchipua matawi ubavuni, na vazi hurudi zito kuliko awali.

Adui aliyebaki ni mwani wa nyuzi, ambao ukishajisokota ndani ya mosi hakuna mkasi wa kuutenga. Amano aliutafutia dawa katika miaka ya 1980, nayo ni uduvi waitwao Caridina multidentata, walaji hodari wa mwani, ambao leo wafugaji wengi huwaita kwa jina lake. Kazi yake kubwa ya mwisho, tangi la urefu wa mita 40 na lita 160,000 huko Lisbon, ilifunguliwa mwaka 2015, mwaka ule ule aliofariki.

Basi, msomaji mwenye tangi, nakusihi uifunue mosi yako kwa kidole leo, na ukiona shina limeanza kupauka, chukua mkasi kabla ya juma kwisha.