Chokaa ya Kilwa

Kazi ya mwashi wa pwani haionekani vizuri katika nyumba iliyokamilika, kwa kuwa lipu imeificha. Huonekana gofuni. Ndiyo sababu nilitamani sana Mjomba afike Kilwa Kisiwani. Ameshika mwiko tangu ujanani, kuta zake zimetapakaa Temeke nzima, na alikuwa hajawahi kuvuka Rufiji.

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, Mjomba mbele, Shangazi na Mama Mdogo nyuma pamoja na watoto na kapu la maandazi. Ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Mkuranga ni mikorosho na mananasi ya kando ya barabara. Kibiti na Ikwiriri zikapita. Kisha nchi ikainama na Rufiji huo, mpana, wa rangi ya udongo. Shangazi, ambaye kwao ni Lindi, alitusimulia habari za pantoni kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mto ukifurika, alisema, abiria walilala ng'ambo na mizigo yao. Sasa ni daraja la karibu kilomita nzima, na watoto walilimaliza kabla ya kumaliza maandazi. Somanga tukala samaki wa kukaanga. Eneo hilo ndilo lililokatwa na mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024, barabara ya kusini ikafungika. Nangurukuru tukaacha njia kuu, tukashuka hadi Kilwa Masoko, na huko tukapanda mashua.

Mtembezaji wetu alianza na masultani. Mjomba alikwisha kuuendea ukuta wa Msikiti Mkuu na kupapasa maungio ya mawe kwa kidole gumba. "Hii si saruji," akasema. "Hii imechomwa."

Naam, ilichomwa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, moto ukakolea hadi nyuzi 900 hivi, joto ambalo jiwe huachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Kinachobaki ni cheupe, chepesi, kikali cha kuunguza ngozi. Kikimwagiwa maji huchemka chenyewe na kupasuka kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kuwekwa ukutani, huanza kuivuta tena hewa ile ile, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, mpaka ugeuke jiwe. Mwashi alilivunja jiwe kwa moto ili limtii, kisha akaliacha lirudi kuwa jiwe mahali alipotaka yeye. Sijaona ufundi ulioelewana na maumbile kwa undani kama huu.

Na alijua kuchagua. Jiwe la ardhini, lenye vishimo na kingo kali, lilijaza kuta nene. Tumbawe bichi lililong'olewa baharini lilitunzwa kwa mihrabu na miimo, nalo lilichongwa lingali na maji yake, maana likikauka huwa gumu. Leo matumbawe hai yaachwe baharini, kwa kuwa ndiyo makao ya samaki na ukuta wa kwanza wa pwani. Chokaa hutoka pia katika jiwe la nchi kavu.

Upana wa vyumba uliamuliwa na mkoko. Boriti yake haivuki mbali bila kupinda, ndiyo maana vyumba vingi vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba, chini ya mita tatu. Lakini katika karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, waashi wa Kilwa waliupanua msikiti na kuuezeka kwa kuba. Mjomba alisimama chini ya mojawapo, shingo ameikunja nyuma, muda mrefu. "Waliishikiliaje mpaka ikashika?" Hakuwa akituuliza sisi.

UNESCO iliyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayatangaza kuwa hatarini 2004, ikayaondoa katika orodha hiyo 2014. Katika miaka hiyo ya ukarabati chokaa ilirudi kazini, na haki yake irudi. Saruji hushika haraka na kuziba. Unyevu wenye chumvi hukosa pa kutokea, hujikusanya nyuma yake na kulimega jiwe kwa ndani. Chokaa huupitisha unyevu ukaenda zake. Ningependa kila chuo cha ufundi cha pwani kimfundishe mwanafunzi kuchoma na kuzima chokaa kabla hajafungua mfuko wa saruji.

Karibu na ngome iitwayo Gereza tulimkuta kijana akiziba nyufa. Alimwamkia Mjomba, Mjomba akaitikia, kisha akamuuliza vipimo. Debe moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, alijibu kijana, na usiwe wa ufukweni bila kuoshwa, una chumvi. Halafu ukuta ulowanishwe kwanza, na kazi ifunikwe gunia bichi isikauke kwa pupa. Mjomba alimrudisha nyuma mara kwa mara, anyooshe hili, afafanue lile, kwa heshima ambayo sijapata kumwona akimpa kijana yeyote kazini. Mama Mdogo alipotuita kwenye mashua, Mjomba alikuwa amekunja mikono ya shati na ameomba mwiko.