Soma Ganda Kwanza: Namna ya Kupima Kazi ya Fundi wa Shotigani ya Pampu

Fundi mzuri wa shotigani utamtambua kwa swali lake la kwanza. Mteja analeta bunduki kuukuu ya pampu, analalamika kwamba ganda halitoki, au linatoka nusu na kubanwa dirishani, yaani kwenye uwazi wa kutolea maganda. Fundi wa kubahatisha hushika tupa. Fundi anayeijua kazi huuliza: "Ganda lenyewe umekuja nalo?" Ganda lililokwisha kufyatuliwa limepita kila mahali penye hitilafu, na kila palipolibana pameliachia alama. Anayejua kuzisoma ana nusu ya matengenezo mkononi kabla hajafungua skrubu hata moja.

Mwongozo huu ni wa wale wanaoipokea bunduki kutoka kwa fundi: msimamizi wa walinzi, mwenye duka la jumla, mwenye shamba pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Shotigani zinazolinda benki na vituo vya mafuta kuanzia Tegeta hadi Mbagala Rangi Tatu zinaishi maisha magumu. Zinakula joto, unyevu wa bahari, vumbi la barabara na mikono mingi inayopokezana kila zamu. Bunduki ya namna hiyo inaweza kukaa muda mrefu bila kufyatuliwa, na hitilafu ya kutoa ganda ikakaa nayo kimya hadi siku ya shida.

Kabla ya ufundi

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na anayezitengeneza vilevile. Fundi mashine wa Keko au Gerezani anaweza kuwa na mkono mtulivu kuliko wote, lakini kama hana leseni ya silaha, bunduki yako haina ruhusa ya kulala juu ya meza yake.

Ukaguzi wote utakaousoma hapa, isipokuwa jaribio la mwisho kwenye uwanja wa shabaha, hufanywa kwa bunduki tupu. Hakikisha chemba na bomba la risasi ni vitupu kwa jicho na kwa kidole, risasi hai ziwe chumba kingine, na mdomo wa mtutu usielekee mtu. Panapohitajika risasi, tumia za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki.

Kuchomoa si kutema

Unapovuta pampu nyuma, mambo mawili hufuatana. Kwanza, bolti hujifungua, na ndoano iliyo usoni mwake hushika ukingo wa kitako cha ganda na kulichomoa chembani. Pili, bolti inapokaribia mwisho wa safari yake, upande wa pili wa ukingo hugonga kigingi cha chuma kilichosimama ndani ya mwili wa bunduki. Ganda huzunguka kwenye ndoano na kurushwa nje.

Kwa hiyo neno "haitoi" halitoshi. Uliza ganda lilibaki wapi. Kama lilibaki chembani na pampu ikarudi nyuma bila shida, ndoano iliteleza. Kama pampu nayo iligoma kurudi, mara nyingi ndoano imeshika vizuri na chemba ndiyo haitaki kuachia. Kama ganda lilitoka chembani likalala ndani au likabanwa dirishani, tazama kigingi, springi yake, na mkono wa aliyekoki. Fundi asiyeyatenganisha mambo haya matatu atabadilisha vipuri kimoja baada ya kingine kwa gharama yako.

Ganda linasema nini

Lisogeze ganda kwenye mwanga wa jua, uligeuze polepole. Mistari inayokwenda kwa urefu wa plastiki inaonyesha chemba iliyokwaruzika. Vidoa au pete zinazojirudia mahali palepale kwa kila ganda ni vishimo vya kutu, au plastiki ya zamani iliyogandia ukutani. Ukingo uliopinda au kumeguka sehemu moja unakwambia kwamba ndoano ni nzima na inapigana na chemba inayong'ang'ania. Ukingo wenye mkwaruzo mwembamba wa kuteleza ni kazi ya ndoano butu, au springi iliyochoka.

Kisha tafuta upande ulio mkabala na alama ya ndoano. Pawe na kialama kidogo kinachong'aa, mahali kigingi kilipogonga. Kikikosekana, ama kigingi kimelika, ama bolti haikurudishwa hadi mwisho. Maganda matatu yenye alama zinazofanana ni ushahidi. Ganda moja ni dokezo tu.

Usiihukumu bunduki kwa kosa la risasi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mlinzi anapoanza zamu huingiza risasi, anapomaliza huzitoa, kesho yake huingiza zilezile. Kila safari ndoano hutafuna ukingo kidogo, na mdomo wa risasi hulegea. Baada ya miezi mingi ya maisha hayo, risasi hukwama hata kwenye bunduki mpya. Ongeza mkanda uliolowa jasho na mvua za masika: kitako cha chuma hushika kutu, na risasi za kizamani zenye ganda la karatasi huvimba.

Beba sumaku ndogo. Vitako vingi vinavyong'aa kama shaba ni chuma kilichopakwa utando mwembamba wa shaba, na sumaku itavishika. Shaba hutanuka kwa joto na msukumo wa baruti kisha hurudi nyuma. Chuma hurudi kwa uvivu zaidi, hivyo hung'ang'ania kwenye chemba yenye ukwaruzo. Bunduki inayokwama kwa risasi za aina hiyo na kutema vizuri zenye kitako cha shaba haihitaji kipuri, inahitaji chemba safi.

Jambo la tatu ni urefu, na hili ni la usalama. Soma maandishi ya kwenye mtutu: 70 au inchi 2¾, 76 au inchi 3, na kwenye baadhi ya bunduki za zamani za Ulaya, 65. Urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa. Ndiyo maana risasi ya milimita 70 huingia bila kugoma kwenye chemba ya 65, kisha ikikosa nafasi ya kufunguka, msukumo hupanda na ganda hukwama. Fundi anayepokea bunduki kuukuu bila kusoma maandishi haya, mnyang'anye kazi.

Chemba: kazi ya kitambaa na subira

Chemba nzuri ikitazamwa kwa tochi hung'aa sawasawa mzunguko wote. Dawa ya kwanza ni brashi ya shaba, ikiwezekana iliyo kubwa kidogo kuliko chemba, mafuta ya taa ya kulainisha uchafu, kisha vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke cheupe. Ukwaruzo ukibaki, fundi husugua kwa sufi laini kabisa ya chuma, akizungusha kwa usawa na kusimama mara kwa mara kutazama. Lengo ni kuondoa ukwaruzo bila kuipanua chemba. Ukiona michirizi ya msasa, au upande mmoja umechimbika, kazi hiyo imeharibika, na hakuna mafuta yatakayoirudisha.

Mwishoni chemba iachwe kavu. Kwa sehemu zinazosuguana, mafuta mepesi kama ya cherehani, yakipakwa kidogo, yanatosha. Mafuta mengi hukusanya mchanga laini wa Mbagala na Kigamboni, na mchanganyiko huo husaga chuma.

Ndoano na kigingi

Kipimo cha ndoano ni rahisi na hakidanganyi. Mtutu ukiwa umetolewa, ingiza ukingo wa risasi ya mazoezi chini ya ndoano, uso wa bolti ukiwa nyuma yake. Ndoano nzima huibeba risasi ikiwa imelala bila kuiangusha, na ukiisukuma kidogo kwa kidole hurudi mahali pake. Makali yake yawe na kona, yasiwe ya mviringo. Mara nyingi kosa ni uchafu uliojaa kwenye tundu la springi, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo badala ya kukuuzia ndoano mpya.

Kigingi hutofautiana kwa aina ya bunduki, na hapa ujuzi wa fundi huonekana. Katika Remington 870, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950 na kupita milioni 10 kwa idadi, kigingi kimefungwa kwa ribiti kwenye ukuta wa kushoto kikiwa na springi yake bapa. Kukibadilisha ni kazi nzito: ribiti ziondolewe, mpya zigongwe, nje pasawazishwe pasibaki kovu. Katika Mossberg 500, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kigingi hushikwa kwa skrubu moja, na bolti ina ndoano mbili. Ithaca 37, ya mwaka 1937, hutupa ganda chini, kupitia uwazi uleule wa kuingizia risasi, kwa hiyo mtu akikuonyesha "dirisha la pembeni" la bunduki hiyo, haijui.

Kabla ya kugusa kigingi cha aina yoyote, fundi akaze kofia iliyo mwisho wa bomba la risasi. Ikilegea, mtutu hucheza na ganda hutoka kombo. Ni kosa linalorekebishwa kwa sekunde chache, na halistahili kutozwa bei ya kipuri.

Mkono wa anayekoki

Pampu haisamehe woga. Mtu akiivuta nusu na kuirudisha mbele, ganda halifiki kwenye kigingi, na bunduki nzima kabisa huonekana mbovu. Fundi makini humwomba mwenye bunduki akoki mbele yake kwa risasi za mazoezi, na hutazama mkono kabla ya kutazama chuma. Ikiwa tatizo ni mkono, husema, hata kama kwa kusema hivyo anakosa kazi.

Papo hapo akataze tabia ya kugonga kitako cha bunduki chini ili kufungua ganda lililokwama. Wakati huo mdomo wa mtutu unatazama juu, karibu na uso wa anayegonga.

Wakati wa kuipokea

Usivutiwe na rangi mpya nyeusi wala mng'ao wa mbao. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimetafunwa, bisibisi haikuwa ya saizi yake. Tazama kingo za dirisha: zikiwa na alama za tupa, mtu alipanua njia badala ya kutafuta sababu. Alama ya kulehemu karibu na kigingi ni sababu ya kukataa kazi yote. Dai vipuri vya zamani urudishiwe, uvilinganishe na vipya.

Kisha jaza risasi za mazoezi na ukoki kwa kasi, halafu kwa kawaida, bunduki ikiwa wima, kisha ikiwa imelalia kila upande. Ganda la bunduki iliyotengenezwa vyema huangukia karibu eneo lilelile kila mara. Moja likienda mbali na jingine likidondoka miguuni, kazi haijaisha. Baada ya hapo risasi hai zijaribiwe kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, zikiwa za aina ileile atakayobeba mlinzi, na maganda yake yasomwe upya: ukingo mzima, alama ya kigingi ionekane, plastiki isiwe na michirizi.

Andika matokeo kwenye daftari la bunduki: tarehe, kilichobadilishwa, aina ya risasi iliyojaribiwa. Bunduki iliyoshindwa hata mara moja katika majaribio hayo irudi kwa fundi siku hiyohiyo na isikabidhiwe kwa zamu yoyote, kwa sababu atakayeibeba usiku hatapata nafasi ya kujaribu mara ya pili.