Mwako wa Jua wa 1859: darubini, saa na kipande cha karatasi

Mwanga wa Jua ukipita kwenye darubini huweza kupofusha, kwa hiyo Richard Carrington, mwanafalaki wa Uingereza, hakulitazama Jua lenyewe. Aliitupa taswira yake, yenye kipenyo cha sentimita 28 hivi, juu ya kioo kilichopakwa rangi. Ndani ya darubini nyaya mbili nyembamba za dhahabu zilipishana kama msalaba. Ukingo wa Jua au doa lilipogusa waya, Carrington aliandika saa, kisha akakokotoa mahali pa doa. Kwa kazi hiyo ya miaka aligundua kwamba madoa yaliyo karibu na ikweta ya Jua huzunguka haraka kuliko mengine.

Septemba 1, 1859, saa 5:18 asubuhi, huko Redhill, kusini mwa London, mwanga mweupe mkali ulitokea juu ya kundi kubwa la madoa. Carrington alidhani kiwambo cha kuzuia mwanga kwenye darubini yake kimetoboka. Aliposogeza taswira, mwanga ulisogea nayo, akajua kwamba ni wa Jua. Baada ya dakika 5 ulitoweka. Richard Hodgson naye aliuona akiwa London, jambo lililoondoa shaka.

Ushahidi mzito zaidi, kwamba mwako huo uliigusa Dunia, ulikuwa katika kituo cha uchunguzi cha Kew. Hapo sumaku iliyoning'inizwa iliakisi mwale wa taa kwenye karatasi ya picha iliyozungushwa kwa mtambo wa saa. Mstari wake ulishtuka kidogo wakati uleule wa mwako. Saa 17 na nusu hivi baadaye ilifika dhoruba kubwa ya sumaku. Kati ya Boston na Portland, Marekani, telegrafu ilifanya kazi bila betri, kwa umeme ulioamshwa na dhoruba hiyo kwenye nyaya. Carrington alitaja ulingano huo wa mwako na dhoruba, lakini hakutaka kujenga kanuni juu ya tukio moja, na alifanya vyema.

Chanzo kilieleweka baadaye. Mionzi ya eksirei hufika kwa dakika 8 na kuamsha mikondo ya umeme katika anga ya juu: ndio mshtuko wa kwanza. Wingu la chembe zenye chaji hufuata, kwa kawaida baada ya siku moja hadi nne. Lile la 1859 lilikimbia kwa wastani wa zaidi ya kilomita 2,300 kwa sekunde.

Leo satelaiti huona wingu likitoka, ila mwelekeo wa uga wake wa sumaku, ambao ukielekea kusini hufungua njia ya nishati kuingia katika uga wa sumaku wa Dunia, hupimwa vizuri likifika kilomita milioni 1.5 tu kutoka Duniani. Hapo huwa imebaki saa moja au pungufu.