Kumpima Samaki na Kumwacha Aende

Mizani humtaka samaki atolewe majini na kuning'inizwa. Futikamba haimdai hayo. Katika bahari ya Watamu na Malindi, ambako sulisuli wengi wanaovuliwa kwa michezo hutiwa alama na kurudishwa wakiwa hai, kujua kilo kwa vipimo viwili ni ufundi unaostahili heshima.

Vipimo vyenyewe ni urefu na mzunguko. Urefu wa sulisuli hauanzii kwenye ncha ya mdomo wake mrefu, maana mdomo huo una sentimita nyingi na uzito mdogo. Huanzia ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia. Mzunguko huchukuliwa pale aliponenepa zaidi. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 29,000. Mwenye urefu wa sentimita 180 na mzunguko wa 65 hukaribia kilo 26.

Kigawanyo hicho kimetokana na 800 ya wavuvi wanaopima kwa inchi na ratili, na ndani yake mna umbo zima la samaki. Uzito wa mwili wake unakaribiana na wa maji ya ujazo uleule. Angekuwa gogo lenye unene mmoja kutoka kichwani hadi mkiani, tungegawanya kwa takriban 12,600. Tunagawanya kwa zaidi ya mara mbili ya hapo kwa sababu amechongoka mbele na nyuma, na kuchongoka huko ndiko kunakompa mbio.

Hata hivyo, hesabu haimwokoi mwenye mkono mzembe. Kwa samaki yule wa kilo 26, ukipima urefu ukapitiliza kwa sentimita 5, utakosea kwa chini ya kilo moja. Ukipitiliza mzunguko kwa kiasi hicho hicho, utakosea kwa takriban kilo 4. Ndiyo maana fundi haiachi futikamba ilegee wala haikazi ikabana nyama, na hufanya upesi ili samaki asiishiwe nguvu.

Naisifu kazi hii kwa ukweli wake. Husema "takriban", kisha huonyesha vipimo ilivyotumia ili mwingine arudie hesabu. Na sulisuli yule akivuliwa tena mwakani akiwa na alama yake, vipimo vya kwanza vitatuonyesha amekua kiasi gani. Mizani ya sokoni haiwezi kutupa habari hiyo, kwa kuwa samaki wake huishia chunguni.