Niru Inayong'aa na Kigae Kisichoshika

Sakafu iliyopigwa niru, yaani tabaka jembamba la saruji tupu lililosuguliwa kwa mwiko wa chuma wakati saruji na mchanga wa chini yake ungali mbichi, hukutwa katika nyumba nyingi za zamani za Tanzania na Kenya, mara nyingi ikiwa imetiwa rangi nyekundu ya oksidi ya chuma na kupakwa polishi ya nta miaka nenda miaka rudi. Fundi aliyeisugua alikusudia isinywe maji wala isishike vumbi, na kwa kiasi kikubwa alifaulu. Lakini sifa hizohizo ndizo zinazokizuia kigae kushika, hivi kwamba sehemu kubwa ya kuandaa sakafu ya namna hii ni kuuharibu kwa makusudi ustadi wa fundi wa kwanza.

Gundi ya kawaida ya vigae, ambayo ni mchanganyiko wa saruji, mchanga laini na kemikali za kuhifadhi maji na kuongeza mshiko, hushika kwa sababu maji yake hupenya katika vinyweleo vya sakafu, na fuwele za saruji zinazojengeka humo huwa kama mizizi ya kigae. Niru imeviziba vinyweleo hivyo, na nta huyafukuza maji yenyewe. Matone machache yakidondoshwa sakafuni na kubaki yamejiviringa kama yaliyo juu ya jani la mgomba, uso haujawa tayari. Yakinywewa ndani ya dakika chache na kuacha doa jeusi, gundi itapata pa kuingia.

Polishi huondolewa kwanza, kwa sabuni kali na maji mengi, maana kudonoa kabla ya kuosha huipigilia nta ndani ya vishimo vipya. Kisha uso hudonolewa kwa tindo na nyundo, kwa vishimo vilivyokaribiana vyenye kina cha milimita 3 hivi, au niru yote huondolewa kwa grenda yenye diski ya almasi. Vishimo vilivyotawanyika, kimoja hapa na kingine shubiri nzima mbele, humridhisha mwenye nyumba kuliko vinavyokisaidia kigae, kwani niru iliyobaki kati yake ingali inang'aa, na uji wa saruji unaomwagwa juu yake hugandia huo mng'ao tu. Panapolia debe tupu nyundo inapogonga, tabaka la juu limeachana na zege, nalo halina budi kung'olewa na kujazwa upya. Ufa ambao upande wake mmoja umepanda juu ya mwingine ni habari ya msingi wa nyumba, na hakuna gundi inayoutibu.

Unyevu unadai subira zaidi, hasa katika nyumba za pwani ambazo zege lake lilimwagwa bila karatasi ya nailoni chini yake. Kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote nne, na matone yakionekana chini yake baada ya saa 24, maji yanapanda kutoka ardhini. Unga mweupe unaochomoza juu ya saruji ni chumvi iliyobebwa na maji hayo, na huondolewa kwa brashi ikiwa kavu, kwa kuwa kuuosha moja kwa moja huuyeyusha na kuurudisha ndani.

Rula ya alumini ya mita 2 ikilazwa sakafuni, mwanya chini yake usizidi milimita 3. Mabonde hujazwa mapema kwa saruji na mchanga, si kwa gundi, kwa sababu gundi nene husinyaa inapokauka na kukivuta kigae chini, na kona zilizopishana hugunduliwa na kidole cha mguu kabla ya jicho. Milango nayo hupimwa siku hiyohiyo, kwani kigae na gundi yake huinua sakafu kwa milimita 12 au 15.

Mwishoni sakafu huoshwa na kuachwa ikauke, kisha kiganja hupitishwa juu yake, nacho kikirudi na vumbi jeupe, huoshwa tena.